Moja si Moya

Mwalimu wetu wa baiolojia hana unywele hata mmoja kichwani. Siku aliposema kwamba ndani ya bua la mtama kuna sukari, nilimwambia, darasa zima likisikia, kwamba basi hata ndani ya kichwa chake kuna nywele, ni vile tu hazijatoka. Alinitoa nje. Somo lililobaki nililisikilizia dirishani, na kwa kuwa huko nje sikuwa na mtu wa kumchekesha, nililielewa kuliko masomo mengine yote ya muhula ule.

Bua limejengwa kwa minyororo ya sukari. Punje za sukari zimeshikana mikono, maelfu kwa maelfu, zikabana hadi hata ukitafuna siku nzima huonji utamu. Juu yake mmea umepaka gundi, ndiyo inayofanya bua lisimame kwenye upepo. Ukilegeza hiyo gundi, halafu ukaleta kimeng'enya, kile kimeng'enya kinaukata mnyororo pete moja moja, na kila pete inayoanguka ni sukari. Sukari unaipa hamira. Hamira inakupa spiriti. Spiriti inawasha jenereta.

"Nyinyi iko nalia kila siku mafuta hakuna," mwalimu alisema kwa kile Kiswahili chake cha Kampala, "na mafuta iko nasimama kwa shamba, mbuzi nakula."

Nikanyoosha shingo dirishani nikamuuliza kama tukimwasha mbuzi kiberiti atawaka. Hapo ndipo aliponipa adhabu ya pili: mradi wa siku ya wazazi utafanywa na mimi. Na ili nisiuchome moto mji wa Juba, akanipa mwenzangu, kijana wa Kikenya ambaye baba yake anafanya kazi benki. Huyu jamaa ana daftari. Kila kitu anaandika. Akipiga chafya anaandika saa ngapi na upepo ulikuwa unatoka wapi.

Nieleze nyumbani kwetu kabla sijafika mbali. Mimi nilizaliwa Kitale, mtoto wa wakimbizi, na tulirudi Juba miaka mitatu iliyopita. Tunakaa Gudele, mama yangu, nyanya yangu na mimi. Mama anapika kwenye hoteli moja mjini, anatoka alfajiri. Nyanya, ambaye hapa tunamwita Haboba, yeye ukimbizi wake aliumalizia Uganda, kwa hivyo Kiswahili chake ni ndugu wa kile cha mwalimu, na katikati anapachika Kiarabu cha Juba bila kuomba ruhusa. Mimi Kiarabu hicho bado kinanipiga chenga. Wiki yangu ya kwanza hapa mwenye duka aliniuliza, "Moya?" Mimi nikasikia "moja?" Nikamjibu, "Hapana, mbili." Akanipa chupa mbili za maji. Moya ni maji. Haboba alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo lilikuwa neno letu, kila mgeni akija anasimuliwa.

Mradi ulianza vizuri. Kimeng'enya chenyewe kilikuja kutoka Kampala, rafiki wa mwalimu anafanya kazi maabara fulani huko. Kilikuwa kwenye kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, kimezungushiwa gazeti na barafu ambayo ilifika ikiwa maji. Kinatakiwa kikae baridi, na kwetu friji ni kabati la vyombo, umeme hauji. Tukakipeleka kwa Msomali mwenye duka la jumla pale barabarani. Alikikagua kama askari wa mpakani.

"Kinauma?" aliuliza.

"Kinauma majani tu," nikasema. "Lakini usikiangalie machoni."

Akakiweka nyuma ya maziwa na kukifunika na katoni.

Haboba naye nilimwambia kimeng'enya ni mnyama. Nilimwambia ni mdogo kuliko chawa, hana miguu, anakula bua mbele na kunya sukari nyuma. Akaniuliza kama ni dume au jike. Nikamwambia huko shule bado wanabishana. Kila asubuhi akawa anaulizia afya yake.

Shida ilikuwa ile gundi. Mwalimu alisema tuilegeze kwa maji ya majivu: unachuja majivu ya jikoni, unaloweka mabua yaliyotwangwa, unangoja. Tukaloweka kwenye ndoo. Tukangoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenzangu anaandika kwenye daftari, "Bado magumu." Siku ya nne anaandika, "Bado magumu." Mimi uvumilivu sijajaliwa. Siku ya wazazi ilikuwa Jumatano inayofuata, na kimeng'enya peke yake kinahitaji siku mbili tatu kwenye joto la wastani, si la kuchemka, kwa sababu ukikichemsha kinakufa. Nikapiga hesabu nikaona tutawaonyesha wazazi ndoo ya nyasi zilizolowa.

Jirani yetu mmoja ni mama anayetengeneza sabuni za mche. Sabuni yake anaipika kwa kostiki, zile chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Nilikuwa nimesoma kwamba kostiki inafanya ile kazi ya majivu, ila yenyewe haina mchezo. Nikaenda kumwomba kidogo. Nilisema ni ya shule, mwalimu ameniagiza. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli.

Alinipimia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mara mbili. Kisha akakunja mkono wa gauni lake akanionyesha kigasha. Palikuwa na mahali ngozi inang'aa, haina kinyweleo, kama sehemu ya mtu mwingine imebandikwa pale.

"Unaona? Hii ilikuwa tone tu," alisema. "Niliosha hapo hapo. Ikiingia mdomoni, inakula koo kabla hujamaliza kusema aa. Umesikia, wewe mcheka hovyo?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Nikarudia. Nilirudia kwa sauti yake, na mikono kiunoni kama yeye, akacheka akanifukuza.

Ijumaa jioni nikaikoroga kwenye maji, ndoo nyingine. Ilichemka yenyewe bila moto, ndoo ikawa moto hadi nikaogopa kidogo, kuogopa kwa raha, kama unavyoogopa kwenye pembea. Ilipopoa nikaimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ilikuwa nyeupe safi. Ukiiweka karibu na chupa ya maji ya kunywa, huwezi kuzitofautisha.

Mwenzangu alipopiga simu usiku huo nilimwambia nimeongeza nguvu kwa kostiki. Nikasikia anafungua daftari.

"Mwalimu anajua?"

"Atajua ikifaulu."

"Andika HATARI kwenye chupa. Kwa kila lugha. Na uchore fuvu."

"Sawa, baba."

Sikuandika HATARI. Niliona Juba nzima imejaa maandishi ya hatari na watu wanatundikia nguo juu yake. Nikachora fuvu. Lakini fuvu langu lilipata masikio, na masikio yalikuwa ya mwalimu, yale makubwa, na nikaona si vizuri mwalimu akose furaha, nikampa tabasamu. Basi chupa ikawa na kichwa cha upara kinachocheka. Nilijipiga picha nacho. Chupa zenyewe tulikuwa tumezipa majina kufuata kazi: Moja ni ya kulegeza gundi, Mbili ni ya mabua yaliyosuuzwa na kutiwa ndimu ili kimeng'enya kisiungue, Tatu ni ya kimeng'enya chenyewe. Haboba alizijua kwa majina kama wajukuu. Moja iliyopita, ile ya majivu, ilikuwa ndoo. Kwamba sasa Moja imekuwa chupa, sikumwambia.

Jumamosi Haboba alikuwa aende msibani Mangateen. Rafiki yake wa tangu kambini Uganda alikuwa amefiwa na mwanawe, mkubwa, ndiye aliyekuwa amebaki. Haboba alivaa toka asubuhi, akafunga kitambaa, akavaa viatu vya kanisani. Mimi nilikuwa uani natwanga mabua kwenye kinu, pwa, pwa, pwa, vumbi la mtama limenijaa puani.

"Biniya!" aliniita kutoka jikoni, ndivyo anavyoniita, msichana. "Fi moya?"

Mimi nikasikia moja. Nilidhani anaanza salamu zake za kila siku, Moja iko mzima, Mbili nalala namna gani.

"Ipo, Haboba! Hapo mezani!"

"Moya de? Hii naonekana?"

"Ee, hiyo ndiyo moja!"

"Kweis, vizuri. Mimi nakwenda."

"Nenda salama! Machozi yangu pia, ulie na yangu!"

Nilimsikia akicheka kwa pumzi, kile kicheko cha mtu anayejua kwamba haifai. Mlango wa bati ukalia. Nikaendelea kutwanga.

Mwenzangu alifika baada ya kama saa moja, na daftari, na glavu za mpira, na miwani ya baba yake ya kuendeshea pikipiki. Nilimcheka kwanza. Akavaa vyote bila kunijibu, akaingia jikoni, akatoka.

"Moja iko wapi?"

"Mezani."

"Mezani hakuna kitu, kuna maji ya kunywa tu kwenye rafu."

Niliingia. Kulikuwa na chupa moja kwenye rafu, haijafunguliwa, na karatasi yake ya kiwandani. Juu ya meza palikuwa na duara la unyevu, pale chupa nyingine ilipokuwa imesimama. Nikaliangalia lile duara. Kisha ile sauti ikanirudia masikioni, si yangu, ya Haboba akiulizia maji. Moya de?

"Labda uliimwaga," mwenzangu alisema.

"Sikuimwaga."

"Unatania."

"Naonekana natania?"

Alinitazama kupitia ile miwani. "Kusema kweli sijui. Huwa unaonekana hivi hivi."

Nikamwambia. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Nakumbuka alivua miwani. Nikapiga simu ya Haboba. Ikalia chumbani, chini ya mto wake, ule wimbo wa kanisa alioomba nimwekee. Nikaiacha ilie mpaka ikakoma, sijui kwa nini, kana kwamba huenda angeipokea.

Saa nzima. Kutoka kwetu hadi Mangateen kwa miguu yake ni kama dakika arobaini, na jua lilikuwa kali. Haboba hanywi maji njiani, anaona ni aibu mtu mzima kutembea akinywa kama ndama. Hilo nililishika kwa mikono miwili. Hanywi njiani. Hanywi njiani. Lakini akifika atakaa. Akikaa atakunywa. Na Haboba hanywi kabla hajampa mwenzake.

Mama alikuwa kazini, simu yake huwa kabatini mpaka zamu iishe. Tulitoka mbio hadi barabarani, nikasimamisha boda, tukapanda wawili.

"Mangateen, msibani. Kimbiza."

"Nani amekufa?" mwenye boda aliuliza.

"Bado," nikasema.

Aligeuka akanitazama, akaondoa mguu chini, akakimbiza.

Njia ilikuwa na madimbwi ya mvua ya jana, na kila dimbwi alipopunguza mwendo nilitaka kushuka nikimbie. Nyuma yangu mwenzangu alikuwa amefungua daftari. Alikuwa ameandika mambo ya huduma ya kwanza usiku uleule nilipotaja kostiki. Alinisomea sikioni, kwa sauti inayorukaruka na mashimo.

"Mtu akiinywa, usimtapishe. Ikipanda inaunguza mara ya pili. Asukutue mdomo kwa maji. Hospitali haraka."

"Soma tena."

"Usimtapishe."

"Soma tena."

Nilikuwa nimeshika shati la mwenye boda na kichwani naona kigasha cha yule mama wa sabuni, ile ngozi inayong'aa, halafu naiona ikiwa ndani ya koo la Haboba. Haboba anayeimba sauti ya pili kanisani. Nilijaribu kuomba, na kilichotoka ni "ulie na yangu, ulie na yangu," haikutaka kunyamaza.

Mangateen tuliona turubai, viti vya plastiki, wanaume wamekaa kimya. Niliruka boda haijasimama. Nikapita katikati ya wanaume, nikaingia kwa wanawake nikipiga kelele, "Msinywe maji!" Nyuso zote zikageuka. Hakuna hata mmoja nilioujua. Mama mmoja alikuwa ameshika bilauri karibu na mdomo, akaishusha polepole, akaitazama, akanitazama.

"Haboba wangu... mama aliyefiwa na mwanawe mkubwa..."

"Hapa tumefiwa na mzee," alisema. "Msiba huo uko kule, baada ya kisima. Pole, mtoto."

Kumbe misiba ilikuwa miwili. Nikatoka bila kuomba radhi.

Huko baada ya kisima nilimwona kwa viatu. Viatu vya kanisani, vimepangwa mbele ya mkeka. Haboba alikuwa amekaa ameegemeana na rafiki yake, bega kwa bega, na chini kati yao kuna chupa. Kile kichwa cha upara kilikuwa kinanicheka. Kifuniko kilikuwa wazi. Maji yalikuwa yamepungua, si sana, kiasi cha bilauri. Na bilauri ilikuwa mkononi mwa yule mama aliyefiwa.

"Haboba, umekunywa?"

"Biniya? Wewe iko nafanya nini hapa?"

"Umekunywa hayo?"

"Bado. Nampa huyu kwanza, toka jana yeye hakula, hakunywa. Salimia watu."

"Si maji. Haboba, si maji, ni Moja."

"Ndiyo, moya."

"Moja! Ya mabua! Ni sumu!"

Nilisema kwa sauti kubwa, na nilichokiona usoni mwao ndicho ninachokiota hadi leo. Hawakushtuka. Walichoka. Mwezi mmoja kabla, kwenye msiba mwingine, nilikuwa nimewachekesha wasichana katikati ya sala kwa kumwiga kasisi anavyotafuta miwani iliyo kichwani kwake, na karibu wanawake wale wale ndio waliokuwa pale.

"Mtoeni huyu," mmoja alisema. "Leo si siku ya mchezo wake."

"Kalas, basi, biniya," Haboba aliniambia, na hakuwa na hasira, alikuwa ananionea haya. "Hapa si pahali ya kucheza. Nenda nyumbani."

Yule mama aliyefiwa wala hakuwa anatusikiliza. Macho yake yalikuwa mahali pengine. Aliinua ile bilauri kama mtu anayefanya kitu alichoambiwa tu.

Nilimrukia. Niliipiga bilauri kwa kiganja, ikaruka, ikaangukia sinia la alumini lililokuwa na vikombe vya chai. Wanawake wakapiga ukelele. Mikono ikanishika kutoka pande zote, mwingine nywele, mwingine shingo. Nilimsikia mwenzangu mlangoni akisema, "Ni kweli, jamani, ni kweli," kwa ile sauti yake ya adabu ambayo haiwezi kuzima hata mshumaa.

"Umempiga mama wa maiti!" mtu alinifokea puani. "Umempiga!"

"Angalieni sinia," nikasema.

"Mpeni maji mengine," alisema yule aliyekuwa wa kwanza kunifukuza, na akainama akaichukua ile chupa.

"Angalieni sinia! Nawaomba!"

Sinia lilikuwa na dimbwi jeupe katikati ya vikombe. Halikuwa linafanya kitu. Nilijua kostiki inakula alumini, mwalimu alituonyesha mara moja kwa kipande cha sufuria, na nilijua inachelewa kidogo kuanza, lakini pale dimbwi lilikaa tu kama maji, maji matulivu kabisa, na yule mwanamke alikuwa ameshapata kikombe kisafi na anamimina. Nikawaza kwamba labda nilipima vibaya. Nikawaza kwamba labda ni maji kweli, na nimempiga mama wa marehemu kwa ajili ya maji. Nilitamani iwe hivyo, na wakati huo huo nilikuwa nasema kimoyomoyo, chemka, chemka, tafadhali chemka.

Kiputo kimoja kikaibuka ukingoni. Kisha viwili. Kisha sinia lote likaanza kusema ssss, kama mafuta kwenye kikaango, mvuke mwembamba ukainuka, na pale alumini ilipokuwa inang'aa pakawa peusi.

Mikono iliyonishika ililegea mmoja mmoja. Yule mwenye kikombe alikiweka chini mbali na yeye, kwa vidole viwili. Tulikuwa tunasikiliza sinia.

Mama aliyefiwa alilitazama lile sinia, kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza.

"Nani aliweka hii kwa chupa ya maji?"

"Mimi, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natengeneza sukari."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, na hakuna aliyemlaumu. Mimi sikucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusema sentensi ya kuchekesha bila kukusudia.

Haboba alikuwa anasugua vidole vyake. "Ilikuwa nateleza," alisema. "Nilipomimina ilimwagika kwa mkono, inateleza kama samaki. Mimi nikasema moya ya Gudele siku hizi iko na mafuta." Alivinyoosha. Kati ya kidole gumba na cha pili ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu na kulainika. Mwenzangu alikuja na jerikeni, akavisuuza, akasuuza, akasuuza, akiangalia saa, mpaka akina mama wakamwambia maji ya msiba yanaisha, naye akawaambia kwa adabu kwamba bado. Kisha kituo cha afya wakavifunga. Haboba hakuguna. Aliniangalia tu, muda wote, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Jumatatu nilimwambia mwalimu kila kitu. Nilimpa na chupa, tupu, imesuuzwa. Aliigeuza akaona ile picha, akashika sikio lake.

"Hii ni mimi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nilingoja anitoe nje, anipeleke kwa mkuu, anipe barua. Aliketi. Ile nguvu ya kukaripia ilikuwa imemtoka, na nikaelewa kwamba naye alikuwa anaona koo la mtu. "Wewe iko na akili," alisema mwishowe. "Hiyo ndiyo mimi naogopa." Akatuambia tuendelee na mabua yaliyolowekwa majivu. Kumbe wiki nzima yalikuwa yanalainika polepole, tulikuwa hatuyaamini tu. Tukayasuuza mpaka karatasi ya litmasi ikaacha kugeuka buluu, tukatia ndimu, tukaenda kwa Msomali kuchukua kimeng'enya chetu, tukaifungia Tatu kwenye blanketi na chupa za maji moto kama mgonjwa. Siku ya wazazi mwalimu alichukua kidogo kutoka Tatu, akatia ile dawa ya buluu ya kupimia sukari, akapasha moto. Ikageuka kijani, ikageuka njano, ikafika rangi ya tofali. Sukari. Kutoka kwa bua kavu ambalo hata mbuzi angelifikiria mara mbili. Mwenzangu aliandika saa. Mama alipiga makofi na sare yake ya hoteli. Haboba alikuwa amekaa mstari wa mbele na bandeji yake, na watu walipopiga makofi yeye hakuweza, alipigapiga paja kwa mkono mmoja.

Sasa vidole vyake vimepona, ngozi mpya ni ya rangi ya chai ya maziwa. Ananisemesha, ananicheka, na juzi alinisimulia mimi mwenyewe ile hadithi ya chupa mbili za maji. Lakini jikoni ameweka kifuniko cha sufuria cha alumini, kile chembamba cha bei rahisi, na nikimletea kitu chochote cha kunywa, maji, chai, hata uji, anamwaga tone juu ya kile kifuniko kwanza. Hanifichi, wala hasemi kitu. Analitazama lile tone.

Mimi nasimama na trei mkononi. Najua ni maji, nimeyachota mwenyewe kwenye pipa, nimeyaonja njiani. Na bado moyo unanienda mbio mpaka aseme kweis na kunyoosha mkono.